Mwanga mwekundu hauchukui nafasi ya daktari wa macho

MKULIMA wa ngano au viazi mjini Timau, Kaunti ya Meru, anapopita umri wa miaka 40 huanza kugundua kuwa maandishi madogo kwenye pakiti ya dawa ya mimea hayasomeki tena bila kunyoosha mkono. Miaka kadhaa baadaye, huenda ukungu ukatanda machoni hata siku ambayo kilele cha Mlima Kenya hakina wingu.

Watu wa umri huo ndio wanaolengwa na matangazo ya taa na miwani ya mwanga mwekundu yanayosambazwa kwa simu, yakiahidi kwamba dakika chache kila asubuhi zitarejesha nguvu za macho.

Je, kuna ukweli wowote katika madai hayo? Upo, ila ni mdogo mno ukilinganishwa na matangazo yenyewe. Anayeununua mwanga huo badala ya kumwona daktari anaweza kupoteza kile anachotaka kukiokoa.

Chanzo cha tiba hii ni jijini Budapest, Hungary. Mnamo 1967, daktari Endre Mester aliwamulika panya walionyolewa manyoya kwa leza hafifu nyekundu, akaona manyoya yakiota upesi kuliko ya panya ambao hawakumulikwa. Tangu hapo wataalamu wamekuwa wakichunguza jinsi mwanga huo unavyoathiri chembechembe za mwili.

Maelezo yao ni haya. Ndani ya kila chembe hai mna mitambo midogo iitwayo mitokondria, ambayo kazi yake ni kuzalisha nishati. Retina, yaani utando ulio nyuma ya jicho unaopokea picha, hutumia nishati nyingi kuliko takriban sehemu nyingine yoyote ya mwili. Mitambo hiyo huchoka kadri umri unavyosonga. Inaaminika kuwa mwanga mwekundu, pamoja na miale jirani yake ya infraredi ambayo macho hayaioni, huiamsha kwa muda.

Profesa Glen Jeffery wa Chuo Kikuu cha London (UCL) alilijaribu jambo hilo kwa binadamu. Katika utafiti uliochapishwa 2020, watu 24 wenye umri wa kati ya miaka 28 na 72 walitazama mwanga mwekundu wa nanomita 670 kwa dakika tatu kila siku, kwa majuma mawili. Baadhi ya waliotimu miaka 40 na zaidi waliimarika kwa hadi asilimia 20 katika kutofautisha rangi.

Mwaka uliofuata, watu 20 walimulikwa mara moja tu. Waliomulikwa asubuhi waliimarika kwa wastani wa asilimia 17, na nafuu hiyo ikadumu kwa juma moja. Mwanga uo huo ulipotumiwa alasiri, haukuleta mabadiliko.

Hata hivyo, msomaji azingatie mambo mawili. Kwanza, waliochunguzwa walikuwa wachache. Pili, kilichopimwa ni uwezo wa kutofautisha rangi. Hakuna aliyeponywa ugonjwa, wala aliyeitupa miwani yake ya kusomea.

Hatua kubwa zaidi ilipigwa Novemba 2024, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani (FDA) ilipoidhinisha kifaa kiitwacho Valeda kwa wagonjwa ambao kitovu cha retina kimechakaa kwa sababu ya uzee. Kifaa hicho hutumiwa kliniki, chini ya uangalizi wa daktari.

Katika jaribio lililotangulia idhini hiyo, waliotibiwa waliongeza takriban herufi tano kwenye ubao wa kupimia macho baada ya miezi 13. Waliopewa mwanga wa kuigiza nao waliongeza tatu hivi. Faida halisi basi ilikuwa kama herufi mbili.

Isitoshe, mwanga huu una hatari zake. Nchini China, utafiti wa 2022 uliohusisha watoto 264 wasioona vizuri vitu vya mbali ulionyesha kuwa mwanga mwekundu ulipunguza kasi ya kuharibika kwa macho yao. Lakini mnamo 2023 jarida la JAMA Ophthalmology liliripoti kisa cha msichana wa miaka 12 ambaye retina yake ilidhurika baada ya kutumia kifaa cha aina hiyo kwa miezi mitano. Kuanzia Julai 2024, China iliviweka vifaa hivyo katika daraja linalodhibitiwa vikali zaidi.

Wapo watakaouliza: kwa kuwa jua nalo lina miale hiyo hiyo, mbona tusilitazame bure? Hilo ni kosa kubwa. Jua huchoma retina bila maumivu, na ndiyo sababu ni hatari kulitazama kwa macho makavu linapopatwa na mwezi, kama ilivyotokea Novemba 3, 2013, Wakenya walipomiminika Turkana kushuhudia tukio hilo.

Timau, iliyo zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari na karibu na ikweta, ina sababu zaidi ya kujihadhari. Miale ya urujuanimno huongezeka kwa asilimia 10 hivi kwa kila mita 1,000 unazopanda, nayo huchangia mtoto wa jicho na kile kinyama kinachoota juu ya weupe wa jicho. Kofia pana na miwani ya jua inayozuia miale hiyo ni kinga ya kweli. Aidha, fundi wa kuchomelea vyuma asifanye kazi bila kioo cha kujikinga.

Mtoto wa jicho, unaoongoza duniani kwa kusababisha upofu, ni lenzi ya jicho iliyoingia ukungu. Hakuna taa, matone wala mitishamba inayoweza kuusafisha. Dawa yake ni upasuaji, ambao mara nyingi huchukua chini ya nusu saa, na lenzi bandia huwekwa mahali pa ile iliyoharibika.

Glakoma ni hatari zaidi kwa kuwa hunyemelea bila maumivu, na uwezo wa kuona ukishapotea haurudi. Kila mwezi unaopita mgonjwa akingoja taa ifanye kazi ni mwezi wa hasara. Wenye kisukari nao wapimwe retina kila mwaka.

Wahenga walinena kuwa kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kabla ya kutoa pesa, muulize muuzaji kifaa chake kimeidhinishwa na nani, na kwa ugonjwa gani. Kisha ufike kwanza katika hospitali ya rufaa ya Nanyuki au ya Meru upimwe macho. Huenda ikabainika kwamba unachohitaji ni miwani ya kusomea tu.