Canon au Nikon? Tazama lenzi kabla ya kutazama jina

MTU anayetaka kuifanya kazi ya kupiga picha za harusi, mikutano au habari hukabiliwa mapema na swali moja: je, anunue kamera ya Canon au ya Nikon? Wengi huamua kwa kufuata ushauri wa rafiki au kwa kulinganisha idadi ya megapikseli.

Hata hivyo, anayenunua kamera ya aina ya DSLR hanunui mashine moja tu. Ananunua mfumo mzima wa lenzi, flashi, betri na vifaa vinginevyo, ambavyo kwa kawaida havitumiki katika kamera za kampuni nyingine. Kamera huchakaa baada ya miaka michache, lakini lenzi njema humtumikia mwenyewe kwa muda mrefu zaidi. Kosa la mwanzo, basi, huweza kumgharimu mtaji wake wote.

Nikon imekuwa ikitumia pete ile ile ya kufungia lenzi, iitwayo F, tangu mwaka 1959. Canon, kwa upande wake, iliiacha pete yake ya zamani mwaka 1987 na kuleta mfumo wa EF. Uamuzi huo uliwaudhi waliokuwa na lenzi za awali, lakini ulikuwa na faida yake: lenzi za EF zinazojilenga zenyewe zina mota ndani yake, hivyo hujilenga katika kamera yoyote ya DSLR ya Canon zinakofungika.

Kwa Nikon hali ni tofauti. Lenzi zake nyingi za zamani hutegemea mota iliyomo ndani ya kamera, na kamera za bei nafuu, kuanzia D40 ya mwaka 2006 hadi D3500 ya mwaka 2018, hazina mota hiyo. Anayenunua lenzi kuukuu kwa bei poa huenda akalazimika kuilenga kwa mkono, jambo gumu bibi harusi anapoingia ukumbini.

Canon nayo ina mtego wake. Lenzi za EF-S, zilizotengenezwa kwa ajili ya kamera zenye kihisi kidogo, hazifungiki katika DSLR zake zenye kihisi kikubwa cha milimita 36 kwa 24. Lenzi za Nikon za aina hiyo, ziitwazo DX, hufungika, ingawa picha hupunguzwa ukubwa.

Historia inaonyesha pia kwamba mfumo unaweza kufa. Mwaka 2006 Konica Minolta ilijitoa katika biashara ya kamera na mfumo wake ukachukuliwa na Sony, ambayo baadaye iliuacha. Mfumo wa Four Thirds, ulioanza na Olympus E-1 mwaka 2003, ulipata kamera yake ya mwisho, E-5, mwaka 2010.

Canon na Nikon zenyewe zimehamishia nguvu zao katika kamera zisizo na kioo tangu mwaka 2018. Kwa sababu hiyo, soko la DSLR sasa ni hasa la vifaa vilivyokwisha kutumika, na bei zake ni za kuvutia. Anayenunua leo hana budi kujiuliza kama lenzi zake zitavuka naye siku atakapohama.

Kwa Canon, lenzi za EF na EF-S hufanya kazi na kujilenga katika kamera mpya za EOS R kwa kutumia adapta. Kwa Nikon, adapta ya FTZ huziwezesha lenzi za AF-S na AF-P kujilenga katika kamera za Z, lakini lenzi zile za zamani zisizo na mota hubaki za kulengwa kwa mkono.

Kabla ya kutoa fedha, basi, mnunuzi aorodheshe kazi anazokusudia kufanya na lenzi zinazohitajika, kisha achunguze ni zipi zinazopatikana mjini kwake, fundi gani anazitengeneza, na wenzake wanatumia mfumo upi. Lenzi ya kuazima siku ya dharura ina thamani kuliko megapikseli chache za ziada.