Lubumbashi: Vijana na magonjwa yaliyosahauliwa, kazi inayozidi tishati ya Januari 30

Kila mwaka tarehe 30 Januari, dunia inakumbuka magonjwa ya kitropiki yaliyosahauliwa, yale ambayo wenye kazi ya afya hapa kwetu wanayaita kwa kifupi MTN. Siku hiyo ilianza mwaka 2020, na mwaka uliofuata Mkutano mkuu wa Shirika la Afya Duniani (OMS) ukaitambua rasmi. Mabango yanatundikwa, vijana wanavaa tishati mpya, picha zinapigwa. Tarehe 31 kila mtu anarudi kwenye shughuli zake.

Lakini magonjwa yenyewe hayajui kalenda. OMS inahesabu 21 kwenye orodha yake, tangu ilipoongeza noma mwezi wa Desemba 2023, ugonjwa unaokula mdomo na uso wa watoto wenye kukosa chakula bora. Zaidi ya watu bilioni moja duniani wameguswa na moja au jingine. Kongo yetu iko mbele kwenye hesabu hiyo: ndiyo yenye wagonjwa wengi wa malale kuliko nchi yoyote, na bado inapata wagonjwa wapya wa ukoma kila mwaka.

Ukiuliza kijana wa Katuba, wa Kenya au wa Ruashi magonjwa anayoogopa, atakutajia malaria, kolera, ukimwi, na siku hizi Mpox. Ni vigumu kumlaumu. Magonjwa haya mengine hayaui kwa kishindo. Yanaharibu ini polepole, yanavimbisha miguu, yanapofusha, yanamfanya mtoto asinzie darasani. Kwa sababu mgonjwa ni maskini na mara nyingi anakaa mbali na lami, hakuna anayempigia kelele.

Na si kitu kigeni Katanga. Mji huu, uliozaliwa mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville, ulikuwa bado mchanga wakati ujumbe wa kisayansi wa Ubelgiji, chini ya munganga Jérôme Rodhain, ulipozunguka Katanga kuanzia Oktoba 1910 hadi Septemba 1912 ukichunguza malale na mbung'o. Leo, baada ya zaidi ya miaka mia moja, malale inatibiwa kwa vidonge: fexinidazole ilipata ruhusa nchini mwishoni mwa 2018, baada ya majaribio yaliyofanyika hasa hapa Kongo yakiongozwa na Mkongomani, Dokta Victor Kande. Tangu mwaka huo, wagonjwa wa malale wanaotangazwa duniani kote ni chini ya 1.000 kwa mwaka. Wale wanaosema magonjwa haya hayana mwisho wasome hesabu hiyo.

Kwa kijana wa mji, hata hivyo, mbung'o yuko mbali. Yaliyo karibu naye ni maji na mbwa.

Tuanze na maji. Kichocho, ambacho wengi wanakijua kwa jina la bilarsia, kinatoka kwa mtu mgonjwa kupitia mkojo au kinyesi, kinaingia majini, kinakua ndani ya konokono wadogo, kisha kinamrudia mtu kwa kupenya ngozi. Dakika chache ndani ya maji zinatosha. Fikiria watoto wanaoogelea wakati wa joto, akina mama wanaofua mtoni, wanaomwagilia mboga kandokando ya Kafubu, vijana wanaosafisha madini wakiwa wamezama hadi kiunoni, wavuvi wa Luapula na wa ziwa Moero kule Kasenga na Pweto. Si kila kijito kina kichocho. Lakini macho peke yake hayawezi kutofautisha maji salama na maji yenye vimelea.

Hapa ndipo kijana anaweza kusema kitu ambacho mzazi au muuguzi anashindwa kusema. Sehemu nyingi za Afrika, wavulana wakiona damu kwenye mkojo wanacheka, wanaihesabu kama alama ya kukua. Kwa wasichana mambo ni mabaya zaidi. Mayai ya kichocho yanaweza kukaa kwenye viungo vya uzazi, yakaleta maumivu, kutokwa na damu, uchafu, hata ugumba. OMS inakadiria wanawake na wasichana wapatao milioni 56 wana hali hiyo, karibu wote Afrika. Dalili zinafanana na za magonjwa ya zinaa. Basi msichana ambaye hajamjua mwanaume anaulizwa nyumbani ametoka wapi, na hata kwenye kituo cha afya anaweza kupewa dawa ya ugonjwa asiokuwa nao. Ananyamaza. Na vidonda hivyo vinafungua mlango kwa virusi vya ukimwi.

Mama gani ataanzisha mazungumzo haya mezani? Ni dada mkubwa, ni rafiki wa darasa, ni msichana wa kundi la kanisa au wa timu ya mpira wa kikapu. Maneno mawili yanatosha kuokoa heshima ya mtu: inaweza kuwa kichocho, na kichocho kina dawa, inaitwa praziquantel.

Dawa hiyo ina historia yake. Mwaka 2008, mkoani Morogoro, Tanzania, shule ziligawa dawa ya kichocho na ya minyoo. Watoto wengi walikuwa na njaa. Praziquantel ikimezwa bila chakula inaleta kizunguzungu na kichefuchefu, kwa hiyo watoto waliumwa, uvumi ukakimbia kwamba wanauawa, wazazi wakavamia shule kwa hasira. Dawa haikuwa mbaya. Kilichokosekana ni mtu wa kuwaambia mapema: mpe mtoto chakula kwanza, anaweza kusikia kichwa kuzunguka, itapita. Lubumbashi ina WhatsApp leo, na uvumi wa namna ile ungezunguka komine zote kabla ya saa sita mchana. Wanaoshika makundi hayo ya WhatsApp ni vijana. Ukiwaeleza siku kumi kabla ya ugawaji, watajibu uvumi. Ukiwasahau, wao wenyewe watautuma.

Sasa mbwa. Kichaa cha mbwa, kile ambacho wengi wanakiita rage, nacho kiko kwenye orodha ya OMS, na ndicho kinachotisha kuliko vyote: dalili zikishaonekana kwa mtu, karibu kila mara ni kifo. Inakadiriwa watu 59.000 wanakufa kila mwaka duniani, na kwenye kesi 99 kati ya 100 mbwa ndiye aliyeleta. Wanne kati ya kumi wanaoumwa na mnyama wa kushukiwa ni watoto wasiofika miaka 15. Hawa ndio wanaocheza na mbwa wa avenyu, wanaomtupia mawe, wanaoficha jeraha juu ya kuogopa fimbo.

Kinachookoa ni kitu cha bei ndogo kwanza: kuosha kidonda kwa maji mengi na sabuni, dakika 15 nzima, kisha kukimbilia hospitali kutafuta chanjo siku ileile. Chanjo kwa binadamu ni ghali na haipatikani kila mahali, na familia nyingi zinaishia kwa pilipili, mafuta au majani. Kwa upande wa mbwa, wataalamu wanasema wakichanjwa 70 kati ya 100, ugonjwa unakatika. Lubumbashi ina bahati ambayo miji mingi haina: Chuo Kikuu cha Lubumbashi, kilichofungua milango mwaka 1956, kina kitivo cha uganga wa wanyama na shule ya afya ya umma. Wanafunzi hao wanajua yote haya kwa mtihani. Swali ni kama yanafika Kampemba kwa lugha ya Kampemba.

Lugha ni jambo kubwa kuliko linavyoonekana. Vipeperushi vingi vinaandikwa Kifaransa cha ofisi, au Kiswahili sanifu ambacho bibi wa Kisanga anakisikia kama cha redio ya mbali. Jaribu hivi: "Imbwa ikikuluma, nawa kilonda na mayi na sabuni, halafu kimbia ku hopitali." Hakuna atakayeuliza maana. Mji huu unajua kufundisha kwa kuchekesha. Kundi la Mufwankolo lilifanya hivyo kwa miaka mingi kwa Kiswahili chetu wenyewe, hata mtaalamu Johannes Fabian akaandika kitabu kizima juu ya mchezo wao mmoja, kilichotoka mwaka 1990. Vijana wanaotengeneza video za vichekesho kwa simu leo ni wajukuu wao. Mchezo wa dakika mbili juu ya baba anayepaka pilipili kwenye kidonda ungefika mbali kuliko hotuba.

Kuna jambo la feza, na tuliseme wazi. Wahamasishaji wa jamii, wale RECO wanaopita nyumba kwa nyumba, ni wa kujitolea. Marekani, kupitia USAID, ilikuwa kati ya wafadhili wakubwa wa vita dhidi ya magonjwa haya tangu 2006. Mwaka 2025 mlango huo ulifungwa. Kumwambia kijana asiye na kazi atembee siku nzima kwenye jua bila nauli wala chupa ya maji, halafu kumsifu kwa uzalendo, ni kumtumia. Wenye kuandaa kampeni waweke nauli kwenye bajeti kabla ya kuweka tishati.

Likizo kubwa ya masomo inaanza Julai, wakati wa baridi na vumbi. Tarehe 28 Septemba ni siku ya dunia ya kupambana na kichaa cha mbwa. Kati ya hapo kuna wiki za kutosha kwa wanafunzi wawili, mmoja wa chuo na mmoja wa sekondari, kupita avenyu moja na daftari: nyumba hii ina mbwa wangapi, wangapi wamechanjwa, nani ameumwa mwaka huu, alienda wapi, aliambiwa nini. Nakala moja ipelekwe kwenye ofisi kuu ya zoni ya afya, nyingine kwa mganga wa wanyama wa komine.