Njia ya Farasi, Ngome za Vilimani: Kwa Baiskeli Kando ya Danube

Mto Danube huanzia katika Msitu Mweusi, kusini magharibi mwa Ujerumani, na husafiri takriban kilomita 2,850 na kugusa nchi 10 kabla ya kuingia katika Bahari Nyeusi, lakini kipande chake kinachopendwa kuliko vyote na watalii wa baiskeli ni kifupi: ni kilomita 320 hivi kati ya mji wa Passau, mpakani mwa Ujerumani na Austria, na Vienna, mji mkuu wa Austria. Mtu asiye mwanamichezo, mwenye baiskeli ya kawaida yenye gia chache na mifuko miwili iliyofungwa ubavuni mwa karia, humaliza safari hiyo kwa muda wa wiki moja bila kujitesa, kwa sababu katika urefu wote huo bonde hushuka kwa mita zisizofika 150, na upepo wa mara kwa mara huko hutoka magharibi, yaani humsukuma mgongoni anayeelekea Vienna. Ndiyo maana karibu wote huenda upande mmoja, na wanaotaka kurudi Passau hupakia baiskeli zao kwenye treni.

Wepesi huo si zawadi ya maumbile peke yake. Mto umejichimbia njia katika miamba migumu, na ukingo tambarare unaofuatana na maji chini ya miamba hiyo ni kazi ya mikono ya watu. Kabla ya kuwapo injini, mashua zilizosheheni chumvi, nafaka au divai zilishuka kwa nguvu ya mkondo, lakini kupanda mto zilikuwa hazina budi kukokotwa: kamba ndefu ilifungwa kwenye mashua, ikavutwa na msafara wa farasi waliotembea ukingoni, nao farasi walihitaji njia isiyo na mwinuko mkali wala miti ya kunasa kamba. Njia hizo za kukokotea mashua, ambazo Waaustria huziita Treppelweg, zilitunzwa kwa karne nyingi, mpaka kampuni ya meli za mvuke iliyoanzishwa Vienna mwaka 1829, pamoja na reli zilizofuata, zilipowaondolea farasi kazi. Ni katika miaka ya 1980 tu ndipo waendesha baiskeli walipoanza kuzipita kwa wingi, na leo ni sehemu ya njia ndefu iitwayo EuroVelo 6, inayotoka pwani ya Atlantiki nchini Ufaransa hadi Bahari Nyeusi nchini Romania.

Jambo moja linafuata kutokana na asili hiyo, nalo husahaulika kwa urahisi: njia ya farasi ilijengwa kwa ajili ya mizigo, haikukusudiwa kumpeleka yeyote penye jambo la kutazama. Waliotawala mto, ambao walitaka kuiona mashua ya mfanyabiashara ingali mbali ili waiandalie ushuru, walikaa juu vilimani, na watawa nao walijenga juu, mbali na mafuriko. Msafiri asiyekubali kuiacha njia tambarare na kupanda atauona mto mzuri na migahawa mingi, ila historia ya bonde ataipitia chini.

Huko Passau mito mitatu hukutana, na rangi zake huonekana wazi kabla hazijachanganyika: Inn huleta maji ya kijani kibichi kutoka kwenye barafu za milima ya Alps, Ilz huleta maji meusi kutoka kwenye ardhi yenye mboji iliyolowa maji, na katikati yake hupita Danube. Mkutano huo una gharama yake, kwani Juni 2013 maji yalipanda hadi mita 12.89, kimo ambacho mji haukuwa umekiona kwa takriban miaka 500. Kutoka hapo njia huingia katika bonde jembamba lenye misitu, na penye Schlögen mto hukutana na miamba iliyoushinda nguvu, ukageuka nyuma kwa kona kali kiasi kwamba msafiri hujikuta akitazama mwelekeo aliotoka. Linz, mji wa viwanda vya chuma, una makumbusho mazuri, lakini kuuingia na kuutoka kwa baiskeli hakuna raha yoyote.

Kilomita ishirini na kitu baada ya Linz njia hupita chini ya mji mdogo wa Mauthausen, ambako mawe ya graniti yaliyochongwa yalikuwa yakipakiwa majini na kupelekwa kutandikwa katika barabara za Vienna. Machimbo hayo hayo ndiyo yaliyowavutia watawala wa Kinazi, ambao Agosti 1938, miezi mitano tu baada ya Ujerumani kuimeza Austria, walifungua kilimani kambi ya mateso, yaani mahali pa kuwafunga watu bila hukumu ya mahakama na kuwafanyisha kazi hadi wafe. Wafungwa walibebeshwa mawe mgongoni na kupandishwa ngazi 186 kutoka machimboni. Kati ya watu wapatao 190,000 waliopelekwa huko na katika kambi ndogo zilizo chini yake, wasiopungua 90,000 walikufa kabla majeshi ya Marekani hayajafika tarehe 5 Mei 1945. Kuta za kambi bado zimesimama, na kuzifikia kutoka mtoni ni kupanda mlima kwa jasho; mwongozo wa safari unaomshauri msomaji aendelee na njia yake ili asiharibu likizo haustahili kununuliwa.

Mbele zaidi, karibu na Grein, bonde hubanwa tena. Hapo zamani mabaharia walishuka ukingoni kusali kabla ya kupita, kwa kuwa miamba iliyojificha chini ya maji ilizua vizingia, yaani maji yazungukayo kwa nguvu na kumeza vyombo. Miamba ililipuliwa hatua kwa hatua, kisha bwawa la umeme la Ybbs-Persenbeug, lililokamilika mwaka 1959, likainua maji na kuyatuliza kabisa, hata leo msafiri huona mahali palipotisha vizazi vingi pametulia kama ziwa. Juu ya mabwawa ya namna hiyo baiskeli huruhusiwa kuvuka, na kwingineko kuna vivuko, ambavyo baadhi yake, kama kile cha Spitz, havitumii injini: chombo hufungwa kwenye kamba ya chuma iliyotandazwa juu ya mto, nahodha hukiweka kimshazari dhidi ya mkondo, na nguvu ya maji yenyewe hukipeleka ng'ambo.

Kutoka Melk hadi Krems, kilomita 36 hivi, ni eneo la Wachau, lililoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000. Mlangoni mwake imesimama abasia ya Melk, nyumba ya Wabenediktini, shirika lile lile la watawa ambalo watu wa kusini mwa Tanzania wanalijua kwa Peramiho na Ndanda. Watawa walifika hapo mwaka 1089, ingawa jengo la manjano linaloonekana leo ni la karne ya 18, kazi ya mjenzi Jakob Prandtauer. Baada yake mteremko wote umekatwa matuta ya mizabibu, yakashikiliwa na kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji, ambazo hutunza joto la jua na kulirudisha usiku kwa mizabibu. Zikibomoka, hakuna mashine inayoweza kuzijenga upya.

Takriban mita 300 juu ya mto iko ngome ya Aggstein, na hapa ndipo ngome na njia ya farasi zinapokutana katika hati moja. Mwaka 1438 bwana wa ngome hiyo, Jörg Scheck vom Wald, alipewa haki ya kutoza ushuru mashua zinazopanda, kwa sharti kwamba aitunze njia ya kukokotea. Badala ya kutosheka na ushuru, akageuka mnyang'anyi. Mwinuko wa Aggstein huwatoa jasho hata vijana, na ndio unaowafanya wazee wengi wakodi baiskeli za umeme, ambazo kwa sheria za Umoja wa Ulaya mota yake haizidi wati 250 na huacha kusaidia mwendo ukifika kilomita 25 kwa saa. Wanaozibeza baiskeli hizo hawajafikiria ni watu wangapi wasingeiona ngome hiyo kamwe.

Ng'ambo ya mto ni kijiji cha Willendorf, ambako wajenzi wa reli waliwezesha kufukuliwa, mwaka 1908, kwa sanamu ya mwanamke yenye urefu wa sentimita 11, iliyochongwa karibu miaka 30,000 iliyopita na ambayo sasa imehifadhiwa Vienna. Halafu Dürnstein: katika ngome ambayo leo ni magofu, Leopold wa Tano, mtawala wa Austria, alimfunga Mfalme Richard wa Kwanza wa Uingereza aliyekamatwa Desemba 1192 akirudi kutoka Vita vya Msalaba. Sehemu ya fedha ya fidia iliyolipwa ilijenga mji mpya, Wiener Neustadt. Hadithi ya mwimbaji aliyemtafuta mfalme ngome hadi ngome kwa wimbo inauzwa huko kwenye kila duka, lakini ni hadithi tu.

Baada ya Krems vilima husogea mbali na njia hunyooka katika tambarare ya Tulln. Hapo baiskeli hupita karibu na Zwentendorf, kinu cha umeme wa nyuklia kilichojengwa hadi kukamilika bila kuwashwa hata siku moja, kwa kuwa katika kura ya maoni ya tarehe 5 Novemba 1978 asilimia 50.47 ya wapiga kura walikikataa. Paneli za sola zimewekwa katika kiwanja chake, na kutoka hapo Vienna ni mwendo wa nusu siku.