Mwalimu Aliyeshika Kamera

Wasomaji wetu walio waalimu watapenda kusikia habari za Lewis Hine wa Marekani, maana naye alikuwa mwalimu kabla hajawa mpiga picha, tena kazi hiyo ya pili aliipata shuleni.

Alizaliwa mwaka wa 1874 katika mji wa Oshkosh, jimbo la Wisconsin. Babaye alipofariki mwaka wa 1892, kijana alikwenda kufanya kazi katika kiwanda cha samani, saa nyingi kwa ujira mdogo. Twaona ya kuwa siku zile zilimfundisha mengi. Hata baadaye, alipomwona mtoto amechoka mbele ya mashine, hakuhitaji kuelezwa.

Mwaka wa 1901 alikwenda New York kufundisha katika Shule ya Ethical Culture. Mkuu wa shule, Frank Manny, ndiye aliyempa kamera. Wakati ule Wamarekani wengi waliwadharau wahamiaji waliokuwa wakiingia kwa maelfu kutoka Ulaya, naye Manny alitaka wanafunzi wawaheshimu sawasawa na wale wahenga waliofika kwa merikebu mwaka wa 1620. Basi tangu mwaka wa 1904 Hine alikwenda kisiwa cha Ellis, walipopokewa wageni hao. Hakujua lugha zao. Aliwaomba kwa ishara wasimame, kisha akauwasha unga wa kutoa mwanga, na moshi ukatanda.

Mwaka wa 1908 aliuacha ualimu, akaajiriwa na halmashauri iliyopinga kazi za watoto. Wenye viwanda hawakumtaka. Mara alijifanya mkaguzi wa moto, mara muuza Biblia (hilo hatulisifu, twalieleza tu kama lilivyokuwa). Mle ndani alimwuliza mtoto jina lake na umri wake, akayaandika kwa siri, mkono u mfukoni. Tena alijua kimo cha kila kifungo cha kizibao chake toka chini. Mtoto aliposimama karibu naye, amekwisha kumpima. Uangalifu huo twaustahi kuliko picha zenyewe, maana picha tupu mwenye kiwanda aweza kuikana, lakini jina, umri na kimo ni vigumu kuvikana.

Sheria ya kwanza ya nchi nzima ilitolewa mwaka wa 1916, na Mahakama Kuu ikaitangua mwaka wa 1918. Iliyodumu ilipatikana mwaka wa 1938. Hine alikufa mwaka wa 1940, hali ni maskini. Picha zake za watoto, zaidi ya 5,000, zimewekwa katika Maktaba ya Bunge mjini Washington, pamoja na maelezo aliyoyaandika.