Je, Wajua? Ngozi Huota Hata Nje ya Mwili!

Msomaji wa Ipagala, sogea kidogo hapo kwenye benchi. Ngozi yako wewe mtu mzima, ikitandazwa, inakaribia mita 2 za mraba! Sasa sikia mambo yake ikiwa maabara.

Mwaka 1975, Wamarekani Howard Green na James Rheinwald walipata namna ya kuotesha seli za ngozi ya binadamu kwenye kisahani. Walizilaza juu ya seli za panya. Ndiyo, panya!

Mwaka 1983 watoto wawili, mtu na ndugu yake, walifikishwa hospitali Boston, Marekani, wakiwa wameungua zaidi ya asilimia 95 ya mwili. Vipande vya ngozi vya sentimita 2 tu za mraba viliokolewa na kuoteshwa, vikafunika karibu nusu ya miili yao. Wote wawili walipona!

Na Ujerumani, kuanzia mwaka 2015, mvulana wa miaka 7 alivalishwa ngozi mpya asilimia 80 ya mwili. Yake mwenyewe, imeoteshwa baada ya seli zake kutiwa nakala nzima ya jeni lililokuwa bovu.

Kina baba mliopita jando, msicheke. Apligraf, ngozi ya maabara ya kufunika vidonda sugu vya miguu, iliruhusiwa Marekani mwaka 1998. Seli zake zilitoka kwenye magovi ya watoto wachanga! Nani alikuambia govi halina kazi?

Unamjua fuko asiye na manyoya? Anaishi chini ya ardhi Kenya, Ethiopia na Somalia, anavuka miaka 30, na saratani humpata kwa nadra mno. Watafiti wa Rochester, Marekani, walipootesha seli za ngozi yake, maji ya kisahani yaligeuka mazito, yanavutika kama mlenda. Mwaka 2013 wakatangaza kuwa ute huohuo ndio unaomkinga na saratani. Mlenda, jamani! Mgogo gani atashangaa?

Vifaru weupe wa kaskazini wamebaki wawili duniani, Najin na binti yake Fatu, wote majike, pale Ol Pejeta, Kenya. Lakini San Diego, Marekani, kuna seli hai za ngozi za vifaru 12 wa aina hiyo, zimegandishwa kwenye nyuzi 196 chini ya sifuri. Mwaka 2011 seli za ngozi ya Fatu ziligeuzwa kuwa seli changa zinazoweza kuwa kiungo chochote. Mwaka 2022 Wajapani wakatumia za jike mwenzao Nabire, aliyekufa mwaka 2015, kutengeneza seli za mwanzo kabisa za yai. Marehemu anatafutiwa watoto kupitia ngozi yake!

Umeuangalia mkono wako? Mwaka 2017 mtafiti Sarah Tishkoff na wenzake walitoa matokeo ya kupima rangi ya ngozi za watu zaidi ya 2,000 wa Tanzania, Ethiopia na Botswana. Walipolipunguza nguvu jeni moja, MFSD12, kwenye seli za rangi walizootesha, seli zikazidi kuwa nyeusi. Kumbe weusi mwingine huja kwa kuzima swichi, si kwa kuiwasha!

La mwisho, kisha nipishe niwahi daladala. Bakteria wa ukoma, ugonjwa unaoshambulia ngozi, aligunduliwa na daktari Hansen mwaka 1873. Hadi leo hakuna aliyefaulu kumwotesha peke yake kwenye kisahani. Ukimtaka, umfuge ndani ya nyayo za panya au ndani ya armadilo, yule mnyama wa Amerika mwenye magamba kama kakakuona!