Watoro wa Rabai

Ukitoka Mombasa kwa njia ya Nairobi, ukafika Mazeras na kukata kulia, muda si muda utakuwa Rabai. Hapo ndipo Krapf na Rebmann walipoanzisha misheni yao mwaka 1846, na hayo kila mtoto wa shule ayajua. Yaliyofuata hayasimuliwi sana, na nadhani sisi Waislamu wa pwani tuna sababu zetu za kutoyauliza.

Nyanya yangu, Mungu amrehemu, kila alipolitaja shamba la babu yake huko Takaungu hakuacha kuwataja watu “waliopotelea kwa wamisheni”. Alisema kwa sauti ya mtu aliyeibiwa. Nami, kijana wa chuoni, juzuu kwapani, nilimhurumia yeye. Haikunipitia akilini kuuliza hao waliopotea walikuwa wakikimbia nini.

Walikuwa wakikimbia jembe lisilo ujira. Mkataba wa 1873 ulipiga marufuku kusafirisha watumwa baharini na kuwauza sokoni. Aliyekwisha kumilikiwa haukumgusa. Utumwa wenyewe haukufutwa kisheria pwani yetu hadi 1907. Kwa hivyo waliotekwa wakaokolewa majahazini na manowari za Waingereza walipewa makao Freretown tangu 1875, pale penye Kengeleni ya leo. Lakini mtumwa wa shamba aliyetoroka kwa miguu hakuwa na haki ya kupokewa. Wakubwa wa misheni waliamuru asikaribishwe, wasije wakagombana na Sultani na matajiri wa mji.

Sasa, ndugu msomaji, Rabai ya miaka ile haikuwa mikononi mwa Wazungu peke yao. Alikuwako William Jones, Myao aliyetekwa angali mtoto, akaokolewa, akasomeshwa Bara Hindi, na mwaka 1885 akafanywa shemasi. Mtu kama huyo utamwambia nini juu ya mtoro abishaye hodi usiku? Wakristo wa hapo, nao wengi ni maskini wasio na zaidi ya jembe na kibanda, waliwaacha wageni wao wajenge na walime. Amri ilikuwapo, mlango ulibaki wazi. Mwaka 1888 mabwana walipokuja juu wakidai watu wao, ndipo wakubwa walipotambua kuwa watoro walikuwa mamia kwa mamia.

George Mackenzie, mkuu wa kampuni ya Kiingereza iliyokuwa imekabidhiwa pwani na Sultani, akatafuta suluhu: mabwana walipwe, watu waachwe. Siku ya kwanza ya mwaka 1889 watoro zaidi ya 1,400, wa Rabai na misheni za jirani, wakapewa hati za uhuru.

Nimeyafikiri sana malipo hayo. Aliyelima bure miaka na miaka hakupata hata pesa moja. Aliyelimiwa ndiye aliyelipwa. Kwa aliyeishika hati yake mkononi bila shaka ilikuwa furaha kubwa, wala simnyang'anyi. Lakini hesabu ilikwenda pogo.

Na sisi je? Aya ya 60 ya Sura ya Tawba yataja mafungu manane ya zaka, na moja ni la kuwakomboa walio utumwani. Niliihifadhi kabla sijabaleghe. Wako wazee wetu waliowaacha watu huru kwa ajili ya Mungu, na hao tusiwadhulumu. Ila mwaka ule fedha za kukomboa shingo za watu wa mashamba yetu zilitoka kwa Waingereza, na mikono iliyozipokea ilikuwa ya watu wenye kusali sala tano.

Majuzi nilikwenda Rabai. Jengo la zamani la kanisa sasa ni jumba la makumbusho. Nje nilimkuta mzee mmoja wa kanisa, tukaamkiana, nikamwuliza asili yake. Akasema kabila la babu wa babu yake hawalijui. Wajua tu kwamba alitoka Takaungu usiku.

“Na wewe, bwana, kwenu wapi?”

Nikamwambia Takaungu.

Alinitazama kitambo, kisha akacheka, akamwita mjukuu wake aangue madafu mawili.