Mwenzetu Anapolia Kikundini

Mama mmoja anaanza kulia katikati ya mkutano. Sisi akina mama tunajua la kufanya: "Nyamaza dada, Mungu yupo," na wimbo unaanzishwa. Mwenzetu hunyamaza kweli, lakini hurudi nyumbani na lile lililomliza.

Wanaoongoza vikundi vya tiba ya mazungumzo hufundishwa njia nyingine. Mwaka 2002, huko Rakai na Masaka nchini Uganda, sehemu zilizoumizwa sana na UKIMWI, viliundwa vikundi vya watu wenye sonona, ile huzuni ndefu inayommalizia mtu nguvu hata za kulima na kutunza watoto. Kila kikundi kilikuwa na watu wanane hivi, wanawake peke yao na wanaume peke yao. Walikutana kila juma kwa dakika 90, majuma 16. Viongozi wao hawakuwa madaktari, bali wenyeji waliofundishwa majuma mawili tu. Hata hivyo, waliohudhuria walipata nafuu kubwa kuliko wenzao wa vijiji visivyokuwa na vikundi.

Basi kiongozi hufanya nini machozi yakija? Hutulia. Humwacha mwenzetu alie, kisha huwageukia wengine: "Mnaposikia haya, ninyi mnajisikiaje?" Mara nyingi hujibu mwingine aliyefiwa, kwa maneno ambayo kiongozi mwenyewe asingeyapata. Anayelia hugundua kwamba hayuko peke yake. Daktari Irvin Yalom wa Marekani, aliyeandika juu ya vikundi hivi mwaka 1970, alilihesabu jambo hilo kati ya yale yanayoponya.

Msemaji asiyekoma naye yupo katika kila kikundi (labda ni mmoja wetu!). Haaibishwi. Huambiwa, "Asante mama, umetueleza mengi. Nani mwingine limempata la namna hii?" Kimya ni kigumu zaidi. Kiongozi mwenye hofu hukijaza kwa mahubiri, kumbe pengine kuna mtu alikuwa anajikaza aseme.

Lakini siri ikitoka nje? Mama amesema ugonjwa wa mumewe kikundini, na juma linalofuata anausikia kisimani. Hapa wengi wetu tungenyamaza ili kulinda amani. Kiongozi mzuri hulileta mbele ya wote, lakini haanzi kwa kumsaka mkosaji. Kwanza aliyeumizwa hueleza limemgharimu nini. Kisha wote hurudia ahadi waliyowekeana siku ya kwanza. Wengine hawarudi tena baada ya hapo, na hatuwezi kuwalaumu.

Kuna neno moja ambalo haliachwi mikononi mwa kikundi. Mtu akisema amechoka kuishi, kiongozi humwuliza waziwazi kama anafikiri kujiua. Mkutano ukiisha hubaki naye, hamwachi aende nyumbani peke yake, na humpeleka kwa mganga hospitalini siku hiyo hiyo.